Nilipiga Makofi

Kadi niliyopewa mlangoni ilikuwa na jina langu, na chini ya jina mstari mtupu wa kuandika kazi yako. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliandika "mwanzilishi". Wa mbele yake alikuwa "mshauri wa mikakati". Mimi nilishika kalamu nikaganda, kama mtu anayeandikisha taarifa polisi. Nilikuwa nimemaliza chuo miezi minane kabla. Siku tatu kwa wiki nilikuwa namshikia jamaa mmoja saiba yake, na siku zilizobaki nilimsaidia mama kwenye kibanda chake cha mboga huko Kangemi. Mwishowe niliandika "mwandishi". Nilikuwa nimechapisha hadithi mbili, na hapo mlangoni hakuna aliyeuliza zilinilipa ngapi.

Jina la kongamano tuliache. Aina yake unaijua. Jukwaa lenye zulia la duara, maikrofoni ndogo inayokaa shavuni, skrini kubwa nyuma, na kila mzungumzaji na dakika zake 18. Mtindo huu tumeuzoea kutoka kwa TED, iliyoanza California mwaka 1984 na kuanza kuweka hotuba zake kwenye intaneti mwaka 2006. Nikiwa chuo nilikuwa nazitazama usiku wa manane kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikijiona niko kwenye safu ya mbele. Tiketi ya hili letu la Nairobi ilizidi kodi ya nyumba yetu ya mwezi mzima. Mimi niliingia kwa nafasi za bure za vijana, baada ya kujaza fomu na kuandika aya mbili kuhusu mustakabali wa bara.

Na niseme ukweli, asubuhi ile ilikuwa tamu. Mtafiti mmoja alieleza jinsi kichuguu kinavyopumua, jinsi tofauti ya joto la mchana na baridi ya usiku inavyosukuma hewa ndani ya vile vijia vyembamba vilivyochimbwa na mchwa, bila injinia, bila ramani. Ushago tulikuwa tunavipiga vichuguu mateke. Nilijaza kurasa nne. Kwa dakika 18 nilisahau kwamba viatu vilikuwa vya kuazima na vilinibana. Kama hujawahi kukaa kwenye chumba cha watu mia kadhaa wanaosikiliza jambo zuri kwa pamoja, kimya, bila mtu kuangalia simu, nakuombea siku moja ukae. Sikuja hapa kuyadharau makongamano.

Baada ya chai ya saa nne akapanda jukwaani jamaa mmoja mrefu, suti bila tai, raba nyeupe. Alikuwa na programu ya simu ya kuwakopesha wafanyabiashara wadogo. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya mama mboga. Mwavuli wa rangi, mafungu ya nyanya, kisu cha kukatia sukuma. Hakuwa mama yangu, lakini angeweza kuwa jirani yake.

Alisema mwanamke huyu anaishi siku kwa siku. Akasema haweki rekodi, hajui faida yake ni ngapi, na kwamba tatizo lake kubwa si pesa bali ni fikra, kwa sababu hakuna aliyewahi kumfundisha kuifikiria kesho. Akasema programu yake itamfundisha. Aliongea vizuri, wacha nisimnyime hilo. Alijua mahali pa kushusha sauti. Alisimulia habari za nyanyake aliyekufa maskini na mtu nyuma yangu akavuta kamasi.

Mama yangu ana daftari. Lina jalada gumu jeusi, na ndani yake kuna nusu ya ploti yetu. Mama Brayo 150. Fundi wa viatu 60. Soja wa geti la buluu 340, na hapo kando amechora duara, maana soja hulipwa mwisho wa mwezi na hafai kusumbuliwa kabla ya tarehe tano. Januari mama hupunguza kukopesha kwa sababu anajua karo zitakuwa zimewafagia watu. Mvua ikichelewa, ananunua sukuma kidogo na kabeji nyingi, kwa kuwa kabeji hukaa. Kila Jumapili wanawake 12 wa chama chake hutoa mia tano tano, na mmoja wao huenda nyumbani na elfu sita. Karo yangu ya muhula wa pili kidato cha tatu ililipwa na zamu ambayo haikuwa yake. Alibadilishana na rafiki yake, wakakubaliana miezi minne mapema. Miezi minne. Hiyo ni kesho ya aina gani kama si kesho?

Niliyajua haya yote nikiwa nimekaa pale. Nisidanganye kwamba yalinijia baadaye kwa matatu. Aliposema "haweki rekodi", kitu kilinigonga kifuani, na kichwani nikaliona lile daftari wazi kabisa.

Hotuba ikaisha. Mwendesha kikao akatangaza dakika kumi za maswali. Wa kwanza kupewa maikrofoni alimpongeza. Wa pili aliuliza alipataje wawekezaji. Wa tatu alieleza kampuni yake mwenyewe mpaka akasahau kuuliza. Mimi nilikuwa na swali moja tu. Nilianza kulipanga kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya mama yamekaa kichwani mwangu kwa Kiswahili, kisha nikaanza kuligeuza liwe Kiingereza kinachofaa ule ukumbi. Kila nilipoligeuza lilipungua. Mara nikajisikia kama mtoto anayelalamika, mara likawa kama hotuba. Mkono wangu ulipanda hadi usawa wa bega. Msichana wa maikrofoni akanitazama. Nikajikuna kichwa.

Halafu watu wakaanza kupiga makofi, na mimi nikasimama. Katika safu yetu nilikuwa wa kwanza.

*

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana dogo. Mtu anayejua jambo, akasikia likisemwa vibaya mbele ya umati, akanyamaza, amekosa nini hasa? Na amemkosea nani?

Jibu la haraka ni kwamba hajakosa chochote. Ulikuwa mgeni. Mgeni haingii nyumba ya mtu na kuanza kupanga upya viti. Tena, kama kila uongo unaousikia ungekuwa deni lako, usingelala. Kwa matatu pekee kati ya town na Kangemi utasikia watu watatu wakieleza vibaya chanzo cha bei ya mafuta. Kimya wakati mwingine ni adabu, na wakati mwingine ni uchovu halali.

Nakubali. Kwa hivyo nimejaribu kutafuta ni wakati gani kimya kinaacha kuwa adabu. Naona kuna mambo manne. Kwanza, uwe unalijua jambo lenyewe kwa macho yako, si kwa kusikia. Pili, nafasi ya kusema iwepo. Tatu, gharama iwe ni aibu tu, si kazi yako wala usalama wako. Nne, na hili ndilo zito, wanaosemwa wawe hawapo. Yakikutana yote manne, hakuna mtu mwingine wa kulisema. Umekuwa shahidi hata kama hukuomba kuitwa. Mimi asubuhi ile nilikuwa nayo yote manne, na juu yake maikrofoni hatua tatu kutoka kwangu.

Isitoshe, mimi sikunyamaza tu. Kimya kingebaki kuwa kimya, na mtu angeweza kukitafsiri atakavyo. Lakini makofi ni maneno. Kusimama ni maneno makubwa zaidi. Kwa mwili wangu wote niliwaambia watu mia kadhaa kwamba mtoto wa mama mboga amesikia na amekubali.

*

Katika kitabu cha Plato kiitwacho Gorgias kuna mwalimu wa ufasaha, huyo Gorgias mwenyewe, anayejisifu mbele ya Socrates. Anasema daktari na msemaji hodari wakisimama mbele ya umati kugombea kazi ya udaktari, umati utamchagua msemaji. Socrates hamwambii anadanganya. Anachofanya ni kumwomba waongee kwa maswali na majibu mafupi badala ya hotuba ndefu. Zamani nilidhani Socrates alikuwa msumbufu tu. Sasa nadhani alijua kitu kuhusu kumbi. Hotuba nzuri hukuacha umeridhika hata kama hujajua lolote jipya. Swali fupi halina huruma hiyo. Lingetosha swali moja kwa yule jamaa: uliongea na wangapi, na ni nani kati yao alikuonyesha daftari lake?

Hapa kwetu mtu aliyelielewa hili vizuri alikuwa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyefariki mwaka 1995. Kulikuwa na wasomi waliosema Afrika haina falsafa, ina methali na desturi tu. Oruka hakukaa ofisini kubishana nao. Yeye na wenzake walienda vijijini kuongea na wazee waliosifika kwa busara, wakawauliza maswali, wakapinga majibu yao, wakasubiri kuona mzee atafanya nini. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1990. Aligundua wenye hekima ni wa aina mbili. Wapo wanaoijua hekima ya jamii yao na kuikariri bila kasoro. Na wapo wanaoijua vilevile, lakini wanaweza kusimama kando yake na kuihoji. Tofauti haionekani mzee akiwa anahutubia. Inaonekana anapoulizwa.

Nikilitumia pimo hilo kwenye kongamano letu, sijui wangapi tungefaulu, kuanzia na mimi. Nilikuwa nimekaa pale kama mkariri, ila nilichokariri ni namna watu wa aina ile wanavyokaa, wanavyoitikia kwa kichwa, wanavyosimama.

*

Kuna watakaosema shida ni lugha. Kidogo ni kweli. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, Kampala, katika kongamano ambalo mpaka leo tunalitaja kwa heshima. Ngũgĩ, wakati huo akiitwa James Ngugi, alikuwa bado mwanafunzi na akahudhuria. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba alistahili kuwa pale kwa sababu ya hadithi fupi chache za Kiingereza, ilhali Shaaban Robert, na vitabu vyake vyote vya ushairi na nathari, hangeweza kualikwa, kwa sababu kongamano lilikuwa la wanaoandika kwa Kiingereza. Mwezi huohuo wa Juni Shaaban Robert alifariki Tanganyika. Kila nikisoma habari hiyo nawawaza wale vijana mahiri wakijadili fasihi ya Afrika ni nini, na mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili yuko ng'ambo ya mpaka, siku zake zinaisha.

Lakini kujificha nyuma ya lugha itakuwa ni hila. Kiingereza ninakijua. Nimefanyia digrii nzima. Na ningeuliza kwa Kiswahili nani angenizuia? Nusu ya ukumbi ingepiga vigelegele. Kwa hivyo nimejikagua zaidi, na nikakuta sababu nisiyoipenda: nilitaka kualikwa tena. Wakati wa chai nilikuwa nimepanga kumwendea yule jamaa, nimpe mkono, nimwambie hotuba ilikuwa moto, labda anahitaji mtu wa kumwandikia vitu. Niliuweka mkono wangu chini kwa sababu nilikuwa na mpango nao.

Kuhusu nani anaruhusiwa kukatiza, kuna kisa cha Arusha. Juni 2007 TED walileta kongamano lao la TEDGlobal pale. Mwanahabari wa Uganda, Andrew Mwenda, alipanda jukwaani kuishambulia misaada ya nje, na Bono, yule mwanamuziki wa Ireland, akiwa amekaa kwenye hadhira, akamkatiza kwa sauti. Kisa kikasimuliwa kote kama mjadala mkali wa mawazo. Kwenye kongamano hilohilo alikuwepo kijana wa Malawi wa miaka 19, William Kamkwamba, aliyeacha shule kwa kukosa karo wakati wa njaa, akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na takataka za chuma baada ya kusoma kitabu cha maktaba. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenye mkutano wa namna ile. Alipoitwa jukwaani aliongea kidogo sana, kwa woga unaouona wazi kwenye video.

Nawaweka pamoja kwa sababu moja. Mtu mwenye jina akikatiza, huo ni mjadala. Mtu mwenye kadi tupu akikatiza, hizo ni tabia mbaya. Kila anayeingia mara ya kwanza anaihisi sheria hii bila kuambiwa. Simlaumu Kamkwamba kwa kusema machache. Yeye kinu chake kilikuwa tayari kinazunguka kule kwao, na maneno yake machache yalisimama juu ya kitu. Mimi pia nilikuwa na kitu, daftari, na nikaliacha nyumbani.

*

Sasa sikiliza kilichonitoa usingizi.

Baada ya kikao nilikuwa nimesimama na sambusa mbili kwenye kitambaa cha karatasi. Msichana aliyekuwa ameketi kushoto kwangu akanijia. Naye alikuwa na kadi ya vijana.

"Samahani," akasema, "wewe ulimwamini yule?"

"Nani?"

"Wa mama mboga. Shosho wangu anauza ndizi sokoni Kakamega. Hajui kusoma lakini deni lako la mwaka juzi atakukumbusha na siku yenyewe ilikuwa inanyesha. Nilikuwa nakaa pale nikijiambia, lakini hii si kweli."

Nikamuuliza, kwa haraka ya mtu anayetafuta mwenzake kwenye kosa, "Sasa mbona ulisimama?"

Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Si ni wewe ulisimama kwanza? Nikadhani labda kuna kitu unajua mimi sijui."

Sambusa zilikuwa bado moto. Nilizishika tu.

Kuna jaribio maarufu ambalo mwanasaikolojia Solomon Asch alilifanya Marekani na kulichapisha mwaka 1951. Unawekwa chumbani na watu kadhaa. Mnaonyeshwa mistari na kuulizwa upi unalingana na upi, jambo ambalo hata mtoto angelijua. Ila wale wengine wamepangwa wote wajibu vibaya. Takriban watu watatu kati ya wanne waliojaribiwa walikubaliana na jibu la uongo angalau mara moja, ingawa macho yao yalikuwa mazima. Hiyo ndiyo sehemu watu hupenda kuisimulia, tutikise vichwa kuhusu udhaifu wa binadamu.

Mimi sehemu nyingine ndiyo iliyonishika. Asch aliporuhusu mtu mmoja tu katika lile kundi ajibu kwa usahihi, makosa yalishuka sana. Hakuhitaji kuwashawishi wale wengine. Hakuhitaji kushinda. Aliyejaribiwa alihitaji tu kusikia sauti moja nyingine ikisema kile ambacho macho yake yanaona.

Nilikuwa nimekosea kujiuliza kama swali langu lingembadilisha yule jamaa wa raba nyeupe. Pengine lisingembadilisha. Angenishukuru kwa swali zuri na kuendelea. Lakini kushoto kwangu kulikuwa na mtu aliyehitaji sauti moja, na badala yake akapata mgongo wangu ukiinuka kwenye kiti. Sikumnyima ukweli tu. Nilimfanya aushuku ule aliokuwa nao. Kama kuna jibu la swali langu la kukosa nini na kumkosea nani, naliona liko karibu na hapo. Anayejua akanyamaza hamkosei sana msemaji. Anawakosea wengine wanaojua.

*

Jioni nilitembea kuelekea steji kupitia Jeevanjee Gardens. Tangu miaka ya tisini watu hukusanyika pale kwa kile kinachoitwa Bunge la Mwananchi. Hakuna kadi, hakuna zulia. Mzee mmoja alikuwa anaeleza kwa nini unga umepanda, na kabla hajamaliza sentensi ya tatu kijana mmoja akamdaka: "Hiyo namba umeitoa wapi, mheshimiwa?" Watu wakacheka. Mzee akakasirika, akafikiri, akabadilisha namba.

Nisikupambie. Pale pia kuna mabingwa wa kelele, na wanawake niliowaona walikuwa wawili. Mama yangu hajawahi kukaa kwenye zile benchi, kwa sababu saa hizo ndizo watu wanashuka kwa matatu na kununua mboga ya usiku. Uwanja ulio wazi kwa wote bado unahitaji uwe na jioni ya kupoteza. Lakini lile swali la "umeitoa wapi" nilibeba hadi nyumbani.

Mama alikuwa anafunga kibanda. Nikamsaidia kuingiza masanduku. Alitaka kusikia kila kitu: ukumbi ulikuwaje, tulikula nini, watu walivaaje. Nikamwambia habari za mchwa, akafurahi sana. Kisha nikamwambia kuhusu yule jamaa na alichosema.

Alicheka. "Ati hatuweki rekodi?" Akapiga jalada la daftari na kiganja. Halafu akauliza, "Na wewe ulimwambia nini?"

"Hakukuwa na nafasi ya maswali."

"Aah. Basi," akasema, na kuendelea kufunga turubai.

Huo ulikuwa uongo wangu wa pili siku ile, na huu nilimwambia mama. Nimegundua uongo wa kwanza hulipwa kwa wa pili. Nilipiga makofi mbele ya watu wasionijua, kisha ikabidi nimdanganye anayenijua, ili makofi yale yasionekane.

Nilikaa nao siku tatu. Siku ya nne, tukichambua mchicha, nikamwambia ukweli: dakika kumi zilikuwepo, maikrofoni ilifika karibu, na nilisimama nikapiga makofi. Hakuinua macho.

"Nilijua," akasema. "Ungekuwa umenyimwa nafasi, ungeingia hapa ukipiga kelele mpaka Uthiru wakusikie. Uliingia ukiwa mpole."

Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema yule jamaa huenda hakukosea kwa kila mtu. Kuna akina mama pale sokoni ambao kweli hawaandiki chochote, na wawili watatu wamefunga biashara kwa sababu hiyo. "Lakini hiyo angejua kwa kuuliza. Na akiuliza, angejua pia wenye wanaandika. Mngesaidiana hapo ndani."

Mngesaidiana. Mimi nilikuwa nimelifikiria lile swali kama ngumi. Yeye aliliona kama mkono wa kubeba mzigo upande wa pili. Nadhani ndiyo sababu lilinishinda ukumbini: nilikuwa nalipanga liwe pigo, na pigo linaogopesha hata anayelipiga.

Nimemwandikia yule jamaa. Kwa Kiswahili, sentensi tano, na swali moja mwishoni. Sijaandika kwamba nimekasirika. Nimemwambia kwamba nilikuwepo, nilipiga makofi, na mama yangu ana daftari ambalo yuko tayari kumwonyesha siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Insha hii nayo nilimsomea mama kabla ya kuituma, kwa sababu nimeandika kurasa nzima kuhusu ubaya wa kumsema mtu asiyekuwepo. Alisikiliza hadi mwisho, akikata sukuma. Akasema ile ya karo ni kweli ila ilikuwa miezi mitatu, si minne. Na chama hakina watu 12 tena. Wawili walihamia mashambani mwaka jana. Wako 10, kwa hivyo anayepata zamu anaenda na elfu tano.

"Hiyo elfu sita umeitoa wapi?" akaniuliza.